Neno «Kamwe» na Mkono wa Pili wa Uhai



Kabla ya kusoma mbele, fanyeni jaribio dogo lisilogharimu kitu. Unganisheni viganja vyenu viwili kifuani kama mtu anayesali. Vinalingana kabisa, kidole kwa kidole. Sasa lazeni kiganja cha kulia juu ya mgongo wa mkono wa kushoto, vyote viwili vikitazama chini. Havilingani tena; dole gumba la huku limekwenda upande wa kule. Hakuna mkono uliopungukiwa na kitu. Kila mmoja una vidole vitano vilivyopangwa kwa utaratibu uleule, ila mmoja ni sura ya mwenzake katika kioo, na hakuna namna ya kuuzungusha mmoja hata ukawa mwingine. Mguu wa kushoto uliowahi kuvishwa kiatu cha kulia unalijua jambo hilo vizuri.

Molekuli nyingi zinazojenga miili ya viumbe hai zina tabia hiyo ya mikono. Mashuhuri kati yake ni asidi amino, yaani matofali ambayo kwayo protini zote hujengwa. Asidi amino za kawaida ni 20. Ukiitoa moja tu, glisini, iliyo nyepesi kupita zote, kila moja yaweza kuwa na maumbo mawili: la kushoto, ambalo wanakemia huliandika kwa herufi L, na la kulia, ambalo huliandika kwa herufi D. Aliyetufungulia mlango wa elimu hiyo ni Mfaransa Louis Pasteur. Mwaka 1848, akiwa kijana wa miaka 25 huko Paris, alitazama kwa darubini fuwele za chumvi ya asidi inayopatikana katika mapipa ya divai. Aliona kwamba ziko za aina mbili, moja sura ya kioo ya nyingine, akazitenga kwa koleo dogo, punje moja baada ya nyingine, za kulia huku na za kushoto kule. Kazi ya subira ya kijana mmoja ikawafundisha wazee wa elimu jambo ambalo hawakuwa wameliona.

Sasa, viumbe hai havitumii mikono hiyo miwili sawasawa. Ribosomu, yaani kile kiwanda kidogo ndani ya seli kinachounga asidi amino moja na nyingine kuwa protini, huchukua za kushoto. Sababu yake yaeleweka. Protini hufanya kazi kwa sababu imejikunja katika umbo maalumu, na mnyororo uliochanganya mikono bila utaratibu haujikunji ipasavyo. Tena seli huweka walinzi: kipo kimeng'enya ambacho kazi yake ni kukagua mizigo inayopelekwa kwenye ribosomu, na kikikuta asidi amino ya kulia imepakiwa kwa makosa, huiondoa. Hiyo ndiyo sheria. Ni ya kweli, na imethibitishwa mara nyingi.

Sheria hiyo tulifundishwa, nasi tukaifundisha. Lakini tuliifundisha vibaya, na leo twapenda kueleza namna gani, kwa maana kosa letu lina faida kwenu.

Kosa letu mbele ya ubao

Miaka mingi iliyopita tulikuwa tukifundisha biolojia katika darasa la vijana waliojiandaa kuwa walimu. Tulichora mikono miwili ubaoni, tukaandika L na D, tukafuta D kwa kitambaa. Tukasema: «Uhai unajua mkono wa kushoto peke yake.» Msichana mmoja, aliyezoea kukaa karibu na dirisha, akanyosha mkono. «Mwalimu, basi ule wa kulia haufanyi kazi popote, hata kwa mdudu mmoja?» Tukajibu kwa neno moja: «Kamwe.» Darasa likacheka. Tuliongeza, kwa majivuno ya ujana, kwamba asidi amino za kulia si za asili, ni za kutengenezwa na watu katika maabara. Msichana akaketi. Mwaka ule ukaisha bila yeye kuuliza swali lingine.

Baadaye, tulipokuwa tumeazima kwa muuguzi mmoja kitabu cha dawa, tulisoma jinsi penisilini inavyoua bakteria. Tukakuta humo, katika maneno machache, kwamba ukuta wa bakteria una alanini ya umbo D. Tulirudia sentensi hiyo mara tatu. Msichana aliuliza juu ya mdudu mmoja. Kumbe wale waliojazana duniani kuliko viumbe wengine karibu wote wanautumia mkono huo kila siku. Swali lake lilikuwa la kweli kuliko jibu letu. Lakini darasa lilikuwa limekwisha kutawanyika, na hatukuwa na njia ya kumfikia.

Tangu siku hiyo tuna maoni ambayo twataka kuyatetea hapa: mwalimu anayetoa sheria bila kutaja palipo na tofauti yake hasemi nusu ya ukweli tu, bali anafunga mlango ambao wengine walipaswa kupita. Na kwa habari ya asidi amino, mlango huo unaelekea mahali penye thamani kubwa: dawa tunazokunywa, kumbukumbu yetu, hata usalama wa dunia ya kesho. Tuyatazame moja baada ya jingine.

Ukuta wa bakteria na ufunguo wa penisilini

Bakteria walio wengi huishi ndani ya ukuta unaowazuia wasipasuke, kama boma linavyoshika nyumba. Ukuta huo umefumwa kwa minyororo ya sukari iliyofungwa pamoja kwa vipande vifupi vya asidi amino. Katika vipande hivyo, za kushoto na za kulia hupangwa pamoja, na mbili za kulia zinaonekana sana: alanini na asidi glutamiki. Bakteria hazipati kutoka nje. Ana vimeng'enya maalumu vinavyochukua alanini ya kushoto na kuigeuza kuwa ya kulia, kama fundi anayegeuza shati ndani nje.

Kwa nini ajipe taabu hiyo? Vimeng'enya vinavyokata protini vimeumbika kushika mkono wa kushoto. Vikikutana na wa kulia, mara nyingi havipati pa kushika. Basi bakteria aliyeweka tofali la kulia katika ukuta wake ameweka kufuli ambalo funguo za kawaida hazilifungui. Ndilo lililotufanya tuone haya zaidi: kile tulichokiita «si cha asili» ni ngome ambayo kwayo viumbe wadogo wamejilinda tangu zamani za kale.

Lakini ngome hiyo ndiyo pia mahali pa kushambuliwa. Alexander Fleming aliona penisilini mwaka 1928 huko London, na kwa muda mrefu watu waliitumia bila kujua kwa hakika inapenya wapi. Mwaka 1965 wataalamu wawili waliokuwa wakifanya kazi Marekani, Donald Tipper na Jack Strominger, walitoa maelezo yaliyokubaliwa baadaye: penisilini inafanana na ncha ya kile kipande cha ukuta, pale zinapokaa alanini mbili za kulia zikifuatana. Kimeng'enya cha bakteria kinachofunga matofali huidhani penisilini kuwa ncha hiyo, huishika, nayo huking'ang'ania kisifanye kazi tena. Ukuta unabaki na nyufa, bakteria anapasuka. Na kwa kuwa seli zetu hazina ukuta wa namna hiyo, dawa humwua mgeni na kumwacha mwenye nyumba.

Dawa iitwayo vankomisini, ambayo hospitali huitunza kwa ajili ya wagonjwa mahututi, inaifuata ncha ileile kwa njia nyingine: huikumbatia na kuifunika. Na sikloserini, inayotumiwa kwa kifua kikuu ambacho dawa za kwanza zimekishindwa, yenyewe inafanana na alanini ya kulia, hivyo inawachanganya wale mafundi wanaoigeuza na kuiunga. Dawa hizo zote tatu zimesimama juu ya jambo moja ambalo sisi tulilifuta ubaoni kwa kitambaa.

Hapa twaomba ruhusa ya kusema kwa ukali kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1980 walionekana bakteria ambao vankomisini haiwapati. Walikuwa wamefanya badiliko dogo: mahali pa alanini ya mwisho waliweka asidi laktiki, na mshiko wa dawa ukadhoofika karibu mara elfu moja. Wengine wana vimeng'enya vinavyoivunja penisilini kabla haijafika ukutani. Mabadiliko hayo huenea kila dawa inapotumiwa ovyo, kwa kuwa bakteria dhaifu hufa na wale wenye silaha hubaki kuzaliana. Tunapoona antibiotiki zikiuzwa kidonge kimoja kimoja juu ya meza sokoni, kando ya sabuni na viberiti. Tunapoona kijana akimeza viwili kwa ajili ya mafua, ambayo ni ya virusi na hayana ukuta wowote wa kubomolewa, kisha akimpa rafiki vilivyobaki, twaona ufunguo wa thamani ukisuguliwa hadi meno yake yaishe. Anayejua ufunguo huo unafungua nini hawezi kuuchezea. Ndiyo sababu twasema kwamba kufundisha vibaya habari ya mkono wa kulia si kosa la mtihani tu. Mtu hatunzi kitu ambacho hakuambiwa kwamba kipo.

Chura, konokono, na ubongo wetu

Mtu aweza kujibu: «Sawa, bakteria ni wa namna yao. Wanyama je?» Hata sisi tulikimbilia huko kwanza, tukijaribu kuokoa lile «kamwe» letu angalau kwa wanyama. Halikuokoka.

Mwaka 1981 wachunguzi wa Italia waliokuwa pamoja na Vittorio Erspamer walieleza kitu walichokitoa katika ngozi ya chura wa mitini wa Amerika ya Kusini. Ni mnyororo mfupi wa asidi amino saba, unaotuliza maumivu kwa nguvu kuliko mofini. Wakauita demofini. Ya pili katika mnyororo huo ni alanini ya kulia. Ukiweka ya kushoto mahali pake, nguvu yote karibu inatoweka. Kilichoshangaza zaidi ni kwamba jeni la chura linaagiza alanini ya kawaida, ya kushoto. Mnyororo ukiisha kujengwa, ndipo fundi mwingine anapoigeuza ile moja na kuziacha nyingine sita.

Wala hatuhitaji kuvuka bahari kutafuta mfano. Konokono mkubwa wa Afrika, ambaye asili yake ni upande wa pwani ya Afrika Mashariki na ambaye wakulima wanamchukia kwa kula miche yao, anao mfano wake katika neva. Mwaka 1989 wachunguzi wa Japani walitoa katika neva zake mnyororo wa asidi amino nne tu, wakauita akatini kwa jina lake la kitaalamu, Achatina. Ya pili yake ni fenilalanini ya kulia. Mnyororo wenye fenilalanini hiyo huamsha seli za neva. Pacha wake mwenye ya kushoto haufanyi hivyo. Ni herufi zilezile nne, na utaratibu uleule. Mkono mmoja tu umegeuzwa. Mtoto anayemwokota konokono shambani baada ya mvua ameshika mkononi mwake jibu la swali ambalo mwalimu wake alilifukuza. Tungeweza kuongeza sumu za buibui fulani na za konokono wa baharini, hata sumu ya yule mnyama wa Australia mwenye mdomo kama wa bata, lakini mifano miwili yatosha.

Tuje kwetu wenyewe. Mwaka 1935 Hans Krebs, mkimbizi kutoka Ujerumani aliyekuwa akifanya kazi Uingereza, alieleza kimeng'enya katika figo za wanyama ambacho huvunja asidi amino za kulia na kuziacha za kushoto. Jambo hilo lilileta fumbo. Ikiwa wanyama hawana asidi amino za kulia, mwili unamweka kazini mtumishi wa namna hiyo kwa kazi gani? Wengi walidhani yupo ili kusafisha mabaki ya bakteria wa tumboni na yale yanayoingia kwa vyakula vilivyochachushwa, kama maziwa ya mgando, ambavyo kweli vinazo. Jibu hilo lilikuwa na ukweli ndani yake, na kwa kuwa lilitosheleza, wachache waliendelea kuuliza.

Miaka 57 ilipita. Mwaka 1992 wachunguzi wa Japani walikuta katika ubongo wa panya serini ya kulia, tena kwa kiasi ambacho hakiwezi kuitwa uchafu. Mwaka 1999 kundi la Solomon Snyder huko Marekani lilieleza kimeng'enya cha ubongo chenyewe kinachogeuza serini ya kushoto kuwa ya kulia. Haikutoka tumboni, basi. Ubongo unaitengeneza kwa makusudi. Na kazi yake ni kubwa. Juu ya seli za neva kuna malango yanayohusika sana na kujifunza na kukumbuka. Malango hayo hayafunguki kwa ufunguo mmoja: yahitaji glutameti, na pamoja nayo ya pili, ambayo sehemu nyingi za ubongo ni serini ya kulia. Wataalamu huyaita NMDA, kwa jina la kemikali iliyotumiwa kuyatambua, na ile herufi D katikati ya jina ndiyo D ya mkono wa kulia. Ilikuwa imeandikwa katika jina lenyewe, nasi tuliisoma bila kuiona.

Fikirini jambo hili. Siku ile msichana alipouliza, na sisi tukajibu «kamwe», swali lake na jibu letu na kicheko cha darasa vilikuwa vikiwekwa katika kumbukumbu za watu arobaini kwa msaada wa asidi amino ya kulia. Kile tulichokikana ndicho kilichotuwezesha kukumbuka kwamba tulikikana.

Iko namna moja zaidi ya mkono wa kulia, isiyo na fundi: ile iletwayo na wakati. Protini zinazokaa mwilini bila kubadilishwa, kama zile za meno na za lenzi ya jicho, hubadilika polepole. Baadhi ya asidi aspatiki zake za kushoto zinageuka zenyewe kuwa za kulia, mwaka baada ya mwaka. Wachunguzi hupima mgeuko huo katika jino na kukadiria umri wa marehemu asiyejulikana. Kwa kupima lenzi za macho ya nyangumi wa Aktiki, walikadiria mwaka 1999 kwamba mmoja alikuwa ameishi zaidi ya miaka 200. Mgeuko uleule hukusanyika katika macho ya wazee wetu, na unahusishwa na mtoto wa jicho. Hivyo mkono huohuo, ukiletwa kwa utaratibu, ni kazi. Ukija bila utaratibu, ni uchakavu.

Tusianguke upande wa pili

Kwa kuwa tumekiri kosa letu, tunao wajibu wa kuwaonya juu ya kosa la pili, ambalo vijana wenye akili hulipenda kuliko la kwanza. Mtu akiisha kusikia habari hizi aweza kusema: «Kumbe sheria ilikuwa uongo. Kumbe vitabu vinatudanganya.» Kisha anaenda kuamini lolote atakaloambiwa na mwuza dawa wa barabarani, kwa hoja kwamba hata walimu walikosea.

Hapana. Tazameni tena mifano yetu. Kimeng'enya kinachogeuza serini kimejengwa kwa asidi amino za kushoto. Chura huanza na mnyororo wa kushoto, ndipo anageuza tofali moja. Bakteria huchukua alanini ya kushoto ili apate ya kulia, na ribosomu yake inafuata sheria kama yetu. Kila tofauti tuliyoitaja imesimama juu ya mabega ya sheria. Na ni kwa sababu sheria ni imara kwamba tofauti ina nguvu: kama mikono yote miwili ingetumiwa ovyo kila mahali, tofali la kulia lisingekuwa kufuli, wala penisilini isingekuwa na mahali pa kushika. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, wasemavyo wazee. Lakini hata penye mikono miwili, kila mmoja una kazi yake, mmoja unashika na mwingine unakata.

Anayejua sheria bila tofauti atashangazwa na kila konokono. Anayejua tofauti akasahau sheria hataweza kumweleza hata mmoja.

Wenye uwezo waliojizuia

Kuna habari ya karibuni inayotuonyesha thamani ya kuuliza kabla ya kutenda. Wanakemia wameendelea sana katika kutengeneza molekuli za kioo, na baadhi ya wataalamu walikuwa wakiota kuunda siku moja bakteria mzima wa kioo: kila protini yake ya mkono wa kulia. Nia yao haikuwa mbaya. Walitazamia dawa zisizovunjwa upesi mwilini na elimu mpya juu ya uhai.

Desemba 2024, wataalamu 38 kutoka nchi mbalimbali waliandika katika jarida la Science wakiomba kazi hiyo ya kuunda bakteria wa kioo isifanywe, isipokuwa kuwe na ushahidi wa nguvu kwamba haina hatari. Baadhi yao walikuwa wameifuata ndoto hiyo wao wenyewe. Hoja yao ninyi mwaweza kuielewa sasa. Kinga yetu hutambua adui kwa kushika na kukatakata protini zake, na vitendea kazi vyake vimeumbwa kwa mkono wa kushoto. Bakteria aliye wa kulia mzima aweza kuipita, ndani ya watu, ndani ya wanyama, ndani ya mimea, wala wadudu wanaokula bakteria wasimshike. Tofali moja la kulia ni kufuli kwa bakteria wa kawaida; basi nyumba nzima ya makufuli ingefunguliwa na nani? Kiumbe huyo hayupo leo, na kumwunda ni kazi ambayo bado iko mbali. Ndiyo sababu walisema mapema.

Sisi twawasifu. Ni rahisi kujizuia na kile usichokiweza. Hawa waliona njia mbele yao, wakakaa pamoja, wakauliza, wakabadili shauri lao hadharani. Mwalimu aliyeshindwa kusema «nilikosea» mbele ya darasa la watu arobaini anajua ni vigumu kiasi gani kusema hivyo mbele ya dunia.

Tunaomba nini

Kwa walimu wenzetu, na kwa ninyi mnaojiandaa kuwa walimu, tunaomba jambo dogo. Mahali pa «kamwe» wekeni «kwa kawaida», kisha onyesheni angalau mfano mmoja usioifuata kawaida hiyo, na sababu yake. Haitachukua zaidi ya dakika tano za somo. Na swali likija ambalo hamna jibu lake, semeni «tutatafuta», kisha tafuteni kweli, mlete jibu juma lifuatalo. Mwanafunzi aliyeona mwalimu wake akitafuta amejifunza kitu ambacho hakimo katika kitabu.

Kwa ninyi wanafunzi: kuuliza si ujinga. Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni hata wenzenu wakicheka. Msikubali kwamba kitu ni bure kwa sababu ni haba, wala kwamba si cha asili kwa sababu hamjakizoea. Kimeng'enya cha Krebs kilingoja miaka 57 kabla watu hawajajua kwamba ubongo una kazi nacho. Na mkipewa antibiotiki na daktari au muuguzi, nyweni kama alivyoagiza, msimgawie mtu, msinunue bila agizo.

Na kwa yule aliyeketi karibu na dirisha, ambaye huenda leo ni mwalimu mwenye darasa lake, kama maneno haya yatamfikia: jibu la swali lako lilikuwa «ndiyo». Tunakuomba radhi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Ni jambo gani ulifundishwa kwa neno «kamwe», baadaye ukagundua kwamba lina tofauti yake? Uligunduaje?

2. Katika mtaa wetu, antibiotiki zinapatikana wapi na kwa njia gani? Kikundi chetu chaweza kufanya nini ili ufunguo huo usiharibike?

3. Je, yuko mtu kati yetu aliyeacha kuuliza kwa sababu alichekwa? Tufanye nini ili aanze tena?